Mashine ya Mvuke ya Marehemu Mukuka

Sehemu ya Sita: Chui Aliyetangulia

Juma lililopita, msomaji, nilikuacha mlangoni mwa nyumba ya matanga kule Katuba, mtaa wa watu weusi wa Elisabethville. Mama Kapya alikuwa ndiyo kwanza anaingia, kikapu cha unga kichwani, na swali lake lilikuwa limekata kicheko cha watu wote.

"Chui gani ule alibeba kitu hapa mbele yangu? Shiye ba ukoo ya Chui hatuyafika bado. Miye njo wa kwanza!"

Wanawake walitazamana. Mmoja aliyekuwa bado anacheka akafunga mdomo kwa kiganja.

Kama wewe ni mgeni wa hadithi hii, sogea nikueleze upesi, maana Mama Kapya hana subira.

Mukuka Constantin, fundi wa karakana, amekufa. Alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Watani wa Mbuzi ni Chui, na mtani wa namna hiyo Wabemba humwita munungwe. Munungwe akifika matangani humtukana marehemu, huwachekesha wenye machozi, kisha hubeba kitu cha marehemu anachokipenda. Humkatazi. Ukimkataza, aibu ni yako. Baadaye familia humfuata na kuku au pombe, na kitu kinarudi nyumbani.

Asubuhi ile alikuwa ameingia mtu asiyejulikana, akaruka katikati ya mikeka, akapiga kelele kwamba Mbuzi mzee amekufa na sasa Chui watashiba. Watu walicheka wakashika mbavu. Akainyanyua mashine ndogo ya mvuke kutoka mezani, akaipakata kama mtoto, akatoka nayo. Walimpigia vigelegele. Walimfungulia lango!

Ndiyo. Mwizi aliingia mchana kweupe na wenye mali wakamsindikiza.

"Alisema yeye ni Chui," alisema Albertine, mjane wa marehemu, kutoka pembeni alipokaa na kitambaa cheusi kichwani.

"Na weye, mama Donat?" Mama Kapya alimgeukia. "Weye Chui muzima, mutoto wa ukoo yetu, haukunusa kama ule hana harufu ya nyumbani?"

"Nilikuwa chini ya kitambaa. Sikumwangalia uso. Na Chui ni bengi, bengine banatoka Sakania, bengine Kasenga. Munungwe haulizwi jina ya mama yake."

"Haulizwi," alisema Mama Kapya. "Njo vile ba mwizi banakula hapa Katuba."

Akatua kikapu chake. Utani ulikuwa umekwisha.

Sasa, kwa nini nyumba nzima iliingiwa na baridi kwa ajili ya kitu cha kuchezea watoto wa Kizungu?

Constantin alikuwa na ugonjwa wake, nao ulikuwa huu: kukusanya vimashine. Wazungu wa Elisabethville wakifunga masanduku kurudi Ulaya, walitupa au waligawa vikorokoro vya watoto wao, na vingine vilikuwa vya babu zao, vya kabla ya vita vile vya kwanza. Vimoteri vya umeme vya ukubwa wa ngumi, vimevikwa nyuzi za shaba. Vimashine vya mvuke vyenye taa ya spiriti chini na gurudumu pembeni. Constantin aliviokota vikiwa vimekufa, akavifufua. Rafu yake ilijaa. Jumapili mtaa ulikuja kumtazama akiwasha, na watu wazima waligombea nafasi ya mbele na watoto.

Lakini mboni ya jicho lake ilikuwa ile moja, iliyosimama wima, ya Kijerumani, ya shaba ya njano. Ilipomfikia, tumbo lake la kuchemshia maji lilikuwa limepasuka. Akalifua jingine kwa shaba nyekundu ya hapahapa Katanga, nyundo juu ya nyundo, mpaka likashika mvuke.

Na alipokuwa anakufa alisema, wote wakisikia: "Miye sina upinde kama bankambo. Upinde yangu njo hii."

Hapo ndipo penye jambo. Bankambo ni mababu, na kwa watu wake mrithi hupokea jina la marehemu pamoja na upinde wake. Kesho matanga yanavunjwa. Kesho mpwa wake Chomba, mtoto wa dada yake, angepewa ile mashine mikononi na kuitwa Mukuka. Bila upinde hakuna jina. Na jina lisipopata mtu, mjane hafunguliwi. Albertine angebaki mke wa mtu aliye kaburini, na hakuna ambaye angethubutu kula chungu kimoja naye.

Chomba akasimama. Kijana mrefu, ameshuka jana tu kutoka Kasenga na valizi, sanduku lake la mbao.

"Mama, kesho mutanipa nini mu mikono? Mupepo?"

"Tutaitafuta, mutoto yangu," alisema Albertine.

"Mutaitafuta, ao muliiuzisha?"

"Chomba!"

"Kila muntu anayua ule Monsieur Lambrecht, chef wa yama wangu, alikuwa anailomba. Hata ku Kasenga tunayua!" Chef ni mkubwa wa kazini; yama ndiye mjomba, kaka wa mama, na Chomba alilitamka neno hilo kwa machungu. "Yama alikatala mpaka kufa. Sasa hajaoza bado, mashini imeenda. Kama kesho haiko, narudia kwetu. Jina yake inabakia mu udongo, na weye unabakia bibi ya mufu."

Wazee walikohoa. Hakuna aliyemkemea, kwa sababu alisema ukweli wa desturi, ingawa aliusema kama mtu anayetupa mawe.

Ndipo akaingia Donat.

Donat ni mtoto wa kiume wa Constantin na Albertine, wa pekee. Karani katika ofisi ya huyohuyo Monsieur Lambrecht. Koti, tai, viatu vinavyong'aa katika vumbi la Katuba mpaka unajiuliza anaruka au anatembea.

"Chomba, tulia," alisema. "Ni jouet, kitu ya kucheza batoto. Kamata moteri moja pale juu ya rafu, tumalize matanga."

"Upinde ya muntu haibadilishwi."

"Basi utabaki na mikono wazi. Shauri yako."

Mama Kapya alikuwa hasikilizi ugomvi wao. Alikuwa amechuchumaa katikati ya wanawake, anauliza kwa sauti ya chini.

"Ule muntu alimutukana mufu namna gani? Semeni yote."

"Alimwita mbuzi ya ndevu."

"Kila muntu anaweza. Tena?"

"Alisema alikuwa anabania chakula."

"Bongo, uongo mutupu. Tena?"

"Tena alimwita Bwana Spiriti!" alisema mwanamke mmoja, na kicheko kikamponyoka upya. "Mama Donat mwenyewe njo alicheka sana pale!"

Ni kweli, Albertine alicheka kuliko wote.

Bwana Spiriti! Hilo lilikuwa jina la ndani, la chungu na mkeka. Constantin alikuwa akitumwa mafuta ya kupikia anarudi na chupa ya spiriti ya kuwashia vimashine vyake, na humo ndani wakamwita hivyo kwa kumkera. Halikutoka nje ya mlango hata siku moja.

"Kutukana mufu ni kazi, mama," alisema Mama Kapya taratibu. "Lazima umuyue. Mugeni hawezi kutukana muzuri hivi. Nani alimupa ule muntu matusi ya nyumba yako?"

Albertine alihesabu kichwani waliolijua jina hilo. Yeye. Marehemu. Na mtu mmoja zaidi.

Aliinua kitambaa, akatazama ng'ambo ya chumba. Donat alikuwa anakaza tai yake, ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na siku ile kilivaa tai.

Nyuma ya nyumba, karibu na jiko la makaa, mama na mwana.

"Niangalie, Donat."

"Mama, bantu banatuona."

"Iko wapi?"

"Mama..."

"Ile mashini ya baba yako iko wapi?"

Donat alitazama viatu vyake.

"Kwa Monsieur," alisema.

Albertine akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Hakupiga kelele. Ningemwandikia kelele kama angepiga, kwa maana wasomaji wetu wanazipenda, lakini alikaa tu, mikono juu ya magoti.

"Ule mwizi ni nani?"

"Jeannot, boyi wa Monsieur. Nilimufundisha maneno ya kusema. Monsieur alikubali kumutuma, juu nilimwambia..."

"Ulimwambia nini?"

"Hapana kitu."

"Juu ya nini, Donat? Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu!" Sasa ni yeye aliyepaza sauti, na sauti ilimvunjikia katikati kama ya mtoto. "Mama, nani alikuwa anatia maji mu ile mashini? Nani alikuwa anashika taa, vidole vinaungua? Ni miye! Papa alikuwa anafua ile shaba, nani alikuwa anaishika na koleo? Chomba hajaipangusa hata na kitambaa. Anatoka Kasenga na valizi, anasema yeye njo Mukuka. Juu ya nini? Juu mama yake na papa beko tumbo moja. Na miye? Miye ni nani mu hii nyumba? Mupangaji?"

"Njo desturi, mutoto yangu."

"Ku mission banatufundisha mutoto anarizi baba yake."

"Kwa ile sababu ukamupatia muzungu?"

"Heri muzungu," alisema Donat. "Muzungu hataitwa Mukuka."

Nimeandika mengi katika gazeti hili na nimewacheka wengi. Kwa hilo sikucheka. Uchungu wa mtoto aliyenyimwa baba yake kwa sheria ni uchungu wa kweli, hata kama ulimfanya mtu mzima awe nyoka.

Mama Kapya akatokeza kutoka nyuma ya ukuta. Alikuwa amesikia yote, na wala hakujificha kwamba amesikia.

"Donat. Mama yako ni wa ukoo gani?"

"Ya Chui."

"Na kwetu, mutoto anafuata ukoo ya nani?"

"Ya mama yake."

"Basi weye ni nani?"

Donat aliinua uso. Mdomo wake ulifunguka kidogo.

"Weye ni Chui kama miye! Weye njo munungwe ya baba yako mwenyewe. Ungeingia mule leo asubuhi, umutukane, ubebe mashini mbele ya macho ya Chomba, na asingefungua kinywa. Wazee bangekuya kwako na kuku, bakupigie magoti juu uirudishe. Kila kitu yenye ulikuwa unalilia, heshima, jina yako kutajwa, ungeipata bure, na kicheko juu. Weye ukatafuta mwizi aibe kitu yenye ulikuwa na haki ya kubeba!"

Miaka yote Donat alitaka kuwa Mbuzi kama baba yake. Hakupata hata siku moja ya kukumbuka kwamba ni Chui.

"Leo alasiri Monsieur iko na bageni," alisema mwisho, kwa sauti ndogo. "Anabaonyesha mashini zake zote."

Albertine akasimama.

"Twende."

Mjane hatoki nyumba ya matanga kabla hayajavunjwa. Hilo hata mlevi wa mtaa analijua. Albertine alipolivuka lango, wanawake walipiga ukelele kana kwamba amevua nguo. Mama Kapya aligeuka, akawapungia mkono.

"Miye munungwe napita naye! Mwenye matusi anitukane miye!"

Wakashika njia ya mjini, mjane na kitambaa chake cheusi, Mama Kapya akinung'unika, Donat nyuma yao akisukuma baiskeli. Walivuka reli. Moshi wa bomba kubwa la kuyeyushia shaba ulikuwa umelalia mji. Askari mmoja aliwatazama kwa muda mrefu pale ambapo mji wa Wazungu unaanza, akaiona tai ya Donat, akawaachia.

Kwa Monsieur walipita mlango wa nyuma, mlango wetu sisi weusi. Aliyefungua alivaa viatu vyeupe vya turubai na alibeba sinia la vikombe.

"Chui!" Mama Kapya alimsalimia. "Pori inasema nini?"

Sinia likayumba. Vikombe viwili vikaenda chini.

"Mama, miye nilitumwa tu," Jeannot alisema, macho yakimtoka. "Boyi hawezi kukatala."

"Na nani?"

Jeannot alimwonyesha Donat kwa kidevu. Halafu, kwa kidevu hichohicho, akaonyesha upande wa barza ya mbele, kulikotoka vicheko vya Kifaransa.

Hawakumsubiri atangulie.

Barzani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vimashine vimepangwa foleni. Monsieur Lambrecht, mnene, mwenye masharubu yaliyochanwa, alisimama nyuma yake kama padri nyuma ya altare. Wageni walikaa na glasi zao. Katikati ya meza, taa yake ikiwaka, gurudumu lake likizunguka, mvuke ukitoka kwa pumzi fupifupi, ndiyo hiyo mashine ya Constantin.

Mgeni mmoja aliinama, akaligusa lile tumbo jekundu kwa ukucha. Akauliza kama ni la asili, la kutoka kiwandani.

"Mais bien sûr," alijibu Monsieur. Bila shaka kabisa!

Shaba ya Katanga, iliyofuliwa uani Katuba na mtu mweusi jasho likimtiririka, ikawa imezaliwa Ujerumani. Albertine hakuyaelewa maneno, lakini aliona ukucha ule ukipita juu ya alama za nyundo ya mumewe.

Mama Kapya akapanda ngazi.

"Eh weye Constantin, mbuzi muzee!" alifoka, akipiga makofi. "Kumbe ulikufa juu upate kukaa ku barza ya bazungu! Ukiwa muzima ulikuwa unaishia ku mulango ya jikoni, na kofia mu mukono! Shuka, twende, mbuzi hakai ku meza!"

Akaishika mashine kwa kibao chake cha chini, akainyanyua, taa ikiwaka vilevile, akaanza kucheza nayo.

Wageni walicheka! Walipiga makofi, mama mmoja akataka kamera iletwe. Walidhani mwenyeji wao amewaandalia ngoma. Kama Mama Kapya angekuwa mwepesi wa miguu angefika Katuba huku wanamshangilia.

Ila Monsieur hakucheka.

"Donat!" aliita kwa Kifaransa. "Anasema nini huyu?"

Kila mtu akamgeukia Donat, aliyesimama kwenye ngazi ya chini, jasho limelowesha kola yake. Mama yake alimtazama. Ilikuwa rahisi: aseme mashine ni ya baba yake, basi.

Lakini tayari alikuwa na uongo wake katika nyumba ile, nao ulikuwa umemtangulia. Ili Monsieur akubali kumtuma Jeannot, Donat alikuwa amempa sababu, ile ambayo Monsieur aliitaka. Sasa ama aimeze mbele ya wageni hawa wote, ama airudie.

Aliirudia. Kwa Kifaransa kizuri, macho yake yakitazama zulia, alisema kwamba wanawake hawa wanaomba radhi kwa niaba ya familia. Kwamba marehemu, Monsieur anajua, alikuwa voleur.

Albertine hakusoma Kifaransa. Lakini voleur! Ni mtu mweusi gani wa mji huu asiyelijua neno hilo? Tunalisikia sokoni, stesheni, kwenye malango, kabla hata hatujafanya kitu. Mwizi. Alilisikia likitoka katika kinywa alichokilisha.

Hakumtazama Donat tena. Alipanda ngazi, akasimama mbele ya Monsieur, karibu kuliko inavyoruhusiwa.

"Bwana, weye unasikia Kiswahili. Miaka yote unatuma bantu na Kiswahili. Haukukuwa na kazi na mutoto yangu kukufasiria. Sasa nijibu miye: nani alimupatia bwana yangu hii mashini?"

Mashine ilihema mikononi mwa Mama Kapya. Wageni walisubiri, bado wakitabasamu, wakidhani ngoma inaendelea.

"Mais Henri," ilisema sauti ya kike kutoka mlangoni. Ni Madame Lambrecht, na sahani ya biskuti mkononi, amesikia swali na ana jibu lake bila hila yoyote. "Ni wewe mwenyewe, Noeli ile. Ulisema imepasuka na haifai kitu, ukampa. Umesahau?"

Mgeni mmoja aliweka glasi yake chini.

Msomaji, hapa ungedhani haki imekuja na sahani ya biskuti. Subiri kwanza.

Monsieur aliwaka mpaka shingoni. Na mtu wa namna yake akiaibika hutafuta pa kumwagia aibu. Alimgeukia Donat, akanguruma kwa sauti ya kuwafikia wageni wote. Wewe ndiye uliyeniambia imeibwa! Wewe ndiye uliyemchukua boyi wangu ukampeleka kuiba katika nyumba yenye kilio! Wewe, niliyekuamini ofisini kwangu!

"Monsieur, ni Monsieur njo alisema..." Donat alianza, Kifaransa chote kimemkimbia.

"Tais-toi!" Nyamaza!

Kisha Monsieur akainamisha kichwa kwa Albertine, akatumia kile Kiswahili chake cha jikoni ambacho dakika chache nyuma hakikuwapo.

"Mama, sikia. Weye nabeba machine, miye naita polisi. Simu iko hapa. Jeannot nasema yote, Donat nakwenda buloko. Weye nacha machine, hakuna polisi. Donat nakwenda nyumba na weye. Chagua."

"Usikubali, Albertine!" alifoka Mama Kapya. "Anakutisha tu!"

Lakini Albertine aliishi Elisabethville. Alijua buloko, yaani jela, ni nini, na kiboko ni nini, na vijana waliorudi kutoka humo wanavyotembea. Alijua pia kesho ni nini. Wazee watakaa. Watauliza, upinde uko wapi? Na jina la mtu aliyelala naye, aliyemkasirikia kwa ajili ya chupa za spiriti, aliyemlilia, litaanguka chini pasipo mtu wa kuliokota.

Alimtazama mwanawe. Uso wake hakuuweza. Alitazama vidole vyake, vyenye makovu meupe ya kuungua tangu utotoni.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami sitabishana nao. Ila wao hawakusimama kwenye barza ile.

Albertine alinyoosha mikono, akaichukua mashine kutoka kwa Mama Kapya. Ilikuwa ya moto. Aliishika hivyohivyo. Akaiweka mezani, mahali pake katika foleni, akainama, akapuliza taa ikazimika. Gurudumu lilizunguka kidogo, likasimama.

"Bakia nayo," alisema.

Alipokuwa anashuka ngazi alisikia nyuma yake kiberiti kikikwaruzwa. Monsieur alikuwa anaiwasha tena kwa ajili ya wageni.

Safari hii walitoka kwa lango la mbele, na hakuna aliyewazuia. Mama Kapya alikuwa analia waziwazi, yeye ambaye kazi yake ni kuchekesha. Donat alifuata mikono mitupu, maana baiskeli aliisahau kule nyuma.

Nje ya ua alisimama Chomba, valizi mkononi.

Alikuwa amewafuata kutoka Katuba. Kupitia miti ya ua aliona yote. Maneno hayakumfikia, ila macho yake yalimtosha.

"Nimeona," alisema. "Na mikono yako mwenyewe, mama. Hakuna muntu alikusukuma."

"Chomba, mutoto yangu, kama haukusikia..."

"Ulikuwa nayo mu mikono! Ukairudisha ku meza ya muzungu! Nitaenda kuambia mama yangu nini? Kaka yake alikuwa na bibi wa namna gani?" Akabadilisha valizi mkono. "Kaa na mufu wako. Miye nafuata camion ya Kasenga."

Albertine hakujitetea. Angejitetea na nini? Akieleza, atamtaja Donat, na aliyoyanunua kwa bei ile barzani yatapotea hapa barabarani.

Chomba akawapa mgongo, akashika njia ya kituo cha malori.

"Jina nitabeba miye," alisema Donat.

Mama Kapya alimgeukia kama mtu aliyemwagiwa maji. "Nini?"

"Chomba aende. Jina ya papa nitabeba miye. Bila mashini. Kesho, mbele ya bantu."

"Chui habebi jina ya Mbuzi! Haiyafanyika!"

"Nitabeba. Mama, nikubalie. Jina isianguke."

Albertine alisimama katikati ya barabara. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kuvimba. Kwa mara ya kwanza tangu barzani alimtazama mwanawe machoni.

"Jina ya nani, Donat?"

"Ya papa."

"Ule papa voleur?"

Hakulisema kwa sauti kubwa. Lakini barabara za Wazungu ni kimya, na Chomba hakuwa amefika mbali.

Hatua zake zikakoma. Akaitua valizi, polepole, akageuka.

"Nani alimwita yama wangu mwizi?"

Mama Kapya alitazama chini. Albertine alifumba macho, maana sasa tu ndipo alipoona alichokifanya. "Ni maneno ya bazungu, Chomba," alisema haraka. "Enda. Camion itakuacha."

"Nauliza nani."

Donat alivua koti lake. Alilikunja vizuri, kwa mikunjo yake, akampa mama yake. Kisha akaifungua tai.

"Ni miye, Chomba," alisema. "Kuya hapa."